Nani Anayelipia Weupe? Ngozi, Hadhi na Riziki Jijini Dar es Salaam



Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii, tena katika ukumbi huu wa Arnautoglu, hapa Mnazi Mmoja. Mahali penyewe pana sehemu yake katika habari nitakayoieleza, nanyi mtaona kwa nini. Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya madhara ya mkorogo, ule mchanganyiko wa kuchubua ngozi. Niliomba ruhusa ya kuipanua mada, nao kwa hisani wakakubali. Madhara nitayataja, maana nilikuwa muuguzi wa kliniki ya ngozi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu mpaka nilipostaafu, na siwezi kuyanyamazia. Lakini hakuna mtu humu ndani ambaye hajasikia kwamba mkorogo unadhuru. Dada anayeununua pale Mtaa wa Kongo anajua kuliko mimi, kwa sababu ngozi ni yake. Anajua, na bado ananunua. Kwa hiyo nimekuja na swali jingine: weupe unamnunulia mtu nini mjini hapa, na nani anayeulipia?

Dai langu nalitaja mapema ili mnipime nalo mpaka mwisho. Kwa zaidi ya miaka 50 tumemkemea anayejipaka, tukamwacha anayemtunza aliyejipaka, kama mwimbaji wa taarabu anavyotunzwa noti jukwaani. Yuko mwajiri anayetunza, yuko mchumba, ipo kamati ya harusi, wapo watengeneza video za muziki, na tupo sisi wenyewe kwa ndimi zetu za kusifu. Hao hawajawahi kukamatwa wala kuulizwa. Nina hoja nne, na hazilingani urefu. Mnivumilie kwenye ile ya tatu.

Hoja ya kwanza: weupe unaotafutwa ni weupe wa kivulini

Tukiuona uso uliochubuliwa, jibu letu la haraka ni kwamba mwenye uso huo anataka kuwa Mzungu. Jibu hilo lina ukweli wake na nitalirudia, ila halitoshi. Itazameni Thailand. Nchi ile haikuwahi kuwa koloni la taifa lolote la Ulaya. Hata hivyo madukani Bangkok krimu za kung'arisha ngozi zimejaa rafu kwa rafu, na rangi ya mtu ni cheti cha asili yake. Sababu yao ya zamani ni shamba la mpunga. Mkulima alishinda juani, miguu ndani ya maji, jua likimpiga mgongoni. Mkubwa alikaa ndani. Hadi leo msichana akitoka Isan, kule kaskazini mashariki kwenye wakulima wengi na pato dogo, akaenda Bangkok kutafuta kazi, ngozi yake humsema kabla hajafungua mdomo. Januari 2016 kampuni moja ya vipodozi kule, Seoul Secret, ilitoa tangazo ambamo mwigizaji maarufu, Cris Horwang, alisema kwa maneno ya wazi kabisa kwamba weupe ndio umempa ushindi maishani. Watu walikasirika, nao wakaliondoa na kuomba radhi. Kilichowaudhi watu, kwa maoni yangu, ni kwamba tangazo lilitamka hadharani jambo ambalo jamii imezoea kulitenda kimya kimya.

Sasa turudi kwetu. Kijana akitoka mkoani, akakaa Dar miezi michache, akirudi likizo anapokewa vipi? "Mji umekukubali, umetakata." Naye aliyebaki kijijini anaambiwa amepauka, amefubaa, jua limemla. Hapa hapa mjini, tokeni mchana mtazame Msimbazi: machinga amebeba mashati begani, mama lishe yuko na sufuria kando ya barabara, mbeba mizigo na toroli lake, konda ananing'inia mlangoni mwa daladala. Hao wote jua ni lao. Mwenye kiyoyozi yuko ndani, nyuma ya kioo. Mtoto wa Kariakoo hujifunza mapema kusoma ngozi kama anavyosoma viatu: huyu ana maji ya bomba, huyu anapaka mafuta mazuri, huyu ana mtu wa kumtunza, huyu hana. Anayenunua mkorogo mara nyingi hatafuti kufanana na mtu wa London. Anatafuta kufanana na dada aliyekaa kwenye kaunta ya mapokezi.

Kama mnaona nazidisha, nawapa ushahidi mmoja mzito. Kuanzia mwaka 2007 hivi, nchi yetu ilitajwa duniani kote kwa mauaji ya watu wenye ualbino, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Watu waliwindwa, wakakatwa viungo, makaburi yakafukuliwa. Ngozi zao ni nyeupe kuliko ya mteja yeyote wa mkorogo. Ingekuwa weupe wenyewe ndio unaoheshimiwa, hao wangekuwa wafalme wetu. Walidharauliwa shuleni, wakanyimwa kazi, wakauawa. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani kuwa mbunge, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wapiga kura wa jimbo hapa nchini, nami nasema kura zile zilifanya kazi ambayo semina nyingi hazikuweza. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, wanatengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu hawa, kwa kuwa hawana melanini (rangi asilia ya ngozi) ya kutosha kuwakinga, na saratani ya ngozi huwaua wengi wakiwa vijana. Fikirini basi: mtu mmoja anapigania uhai kwa kukosa kitu kile ambacho jirani yake analipa pesa akitoe mwilini. Kinachoheshimiwa ni weupe unaotangaza pesa na kivuli, na huo hupimwa kwa macho ya mwenye kutunza.

Hoja ya pili: bei ya rangi iliwekwa na mnunuzi

Nilisema suala la Uzungu nitalirudia. Lina historia, na historia hiyo ilianza kabla ya Mzungu kututawala.

Katika jumba la Seyyid Said wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1856, walikuwamo masuria wa Kihabeshi na masuria kutoka milima ya Caucasus, Wacherkesi. Binti yake, Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alizaliwa na mama Mcherkesi, na kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza jinsi baadhi ya Wacherkesi, waliogharimu fedha nyingi zaidi, walivyojiona bora hata wakakataa kula pamoja na Wahabeshi, na jinsi watoto wa Kihabeshi walivyowalipa wenzao wenye macho ya bluu kwa kuwaita wana wa paka. Masuria wote hao walikuwa wamenunuliwa. Ngazi waliyogombania iliwekwa na mwenye mfuko. Chini yao wote alikuwapo mtumwa kutoka bara, mwenye kaniki yake, ambaye weusi wake ulichukuliwa kuwa ndio alama ya utumwa.

Ndiyo maana namheshimu sana Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, wazazi wake watumwa. Alipoingia mjini alichekwa kwa sura yake na kwa asili yake, tena kwa nyimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na santuri zile zikasikika mwambao mzima. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Akina mama mnaoketi mbele najua mnazifahamu habari hizi, lakini wanafunzi wetu wengi hawazijui, na ni haki yao wazijue.

Sasa Dar es Salaam. Mwaka 1914 Wajerumani walitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji katika kanda tatu. Kwa maandishi ilihusu aina ya majengo: hapa nyumba za Kizungu, hapa za biashara, hapa vibanda vya wenyeji. Kwa vitendo ilikuwa rangi, ndipo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza waliiendeleza. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa upande wa mtu mweusi. Katikati yake na Uhindini kikaachwa kiwanja kitupu, na kiwanja hicho ni Mnazi Mmoja. Mkitoka mlangoni jioni hii mtakanyaga mpaka wenyewe. Katika utumishi wa serikali Mzungu, Mwasia na Mwafrika walikuwa na ngazi tatu za mshahara. Hata mlango wa kuelekea uhuru ulipitia kura tatu za mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura akitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kwa hiyo bibi zetu hawakuhitaji tangazo la krimu ili wajue kwamba rangi ni mshahara. Waliisoma kwenye bahasha ya mwisho wa mwezi.

Hoja ya tatu: yaliyomo ndani ya ndoo

Twendeni dukani. Mtaa sitautaja. Duka lina upana wa mlango mmoja, losheni na jeli zimepangwa mpaka darini, na sauti ya mpiga debe wa jirani inaingia mpaka ndani. Nyuma ya kaunta amesimama binti mwenye ndoo ndogo ya plastiki na mwiko wa mbao. Mteja ni msichana mwembamba mwenye ngozi ya maji ya kunde, nzuri, laini, haina hata kipele.

"Mdogo wangu, unataka wa kung'arisha au wa kutoa kabisa?"

"Wa kung'arisha tu, dada. Nisije nikachubuka."

"Harusi lini?"

"Wiki ya tatu kuanzia sasa."

"Basi nikuongezee nguvu kidogo, wakikupiga picha uwake."

Akamimina losheni. Akafungua tyubu ndogo, akaikamua mpaka mwisho, akaichana kwa mkasi ili hata kilichoshika pembeni kitoke. Akachukua ya pili. Ya tatu. Akadondoshea mafuta kutoka kwenye kichupa kisicho na lebo. Akakoroga, akanusa, akaongeza manukato. Bei ilipanda kadiri mteja alivyotaka rangi ishike haraka. Sikuona chuki wala ulaghai usoni mwa yule muuzaji. Alikuwa anamsaidia bibi harusi.

Zile tyubu zilikuwa za klobetasoli, dawa ya kundi la steroidi, tena ile yenye nguvu ya juu kabisa. Kliniki tunampa mgonjwa wa pumu ya ngozi au wa soriasisi apake sehemu ndogo, kwa kawaida isizidi wiki mbili. Bibi harusi anaipaka mwili mzima, asubuhi na jioni. Ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na kwenye mikono, chunusi zinafumuka, kidonda kidogo kinachelewa kupona. Daktari wa upasuaji anayemshona mama aliyejifungua kwa kisu akakuta ngozi ya namna hii, kazi yake inakuwa ngumu. Dawa ikipenya kwa wingi mpaka kwenye damu, inaweza kupandisha sukari na presha.

Kilichomo kwenye vichupa visivyo na lebo mara nyingi ni haidrokwinoni. Hii huzuia ngozi kutengeneza melanini. Ikitumika kwa muda mrefu, tena juani kama jua letu, inaweza kugeuka na kuacha madoa ya rangi ya bluu iliyoiva kwenye mashavu na kando ya macho, madoa ambayo hatuna dawa nzuri ya kuyaondoa. Ngozi za vifundo vya vidole, viwiko na magoti hukataa kubadilika. Ndiyo maana mtaani wanasema uso wa Fanta, miguu ya Coca. Nawaombeni tuuache utani huo. Nimeshika mikono ya akina mama wanaoingia kliniki na glavu siku ya joto, wakificha vidole kwa sababu ya utani huo.

Kemikali ya tatu ni zebaki, ambayo huwekwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu, na mnunuzi haoni wala hanusi chochote. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba huharibu figo, huleta vipele na makovu, hupunguza uwezo wa ngozi kupambana na bakteria na fangasi, na inaweza kuleta wasiwasi, sonona na ganzi ya mikono na miguu. Nayo haibaki kwa aliyeipaka. Mtoto anayelala kifuani mwa mama anaipata, anayejifutia taulo lile lile anaipata, na maji ya kuogea huibeba kwenye mazingira, ambako inaweza kuingia kwenye samaki tunaowala.

Wanaume nanyi msijitoe. Wapo vijana wanaonunua, wanasema ni mafuta ya chunusi. Siku hizi zipo pia sindano na dripu za glutathioni, zinazodungwa majumbani na saluni na watu wasiosomea udaktari. Kumtia mtu dripu nje ya hospitali kwa ajili ya rangi ni jambo linaloweza kumuua.

Mwaka 2011 Kelly Lewis na watafiti wenzake walichapisha mahojiano waliyofanya na wanawake 42 wa hapa Dar es Salaam wanaojichubua. Waliulizwa kwa nini. Wengine walisema kuondoa chunusi na vipele, wengine kupata ngozi laini, wengine kuwa weupe na kufanana na Wazungu, wengine kumridhisha mwanamume, wengine kuwa sawa na mashoga zao. Ipo sababu moja ambayo kila nikiikumbuka inaniuma: wapo waliosema wanapaka ili kuondoa madhara ya mkorogo wenyewe.

Sababu hiyo naijua kwa kuiona kila siku ya kliniki. Mtu aliyezoea steroidi akiacha ghafla, ngozi inamlipukia. Inawasha, inaungua, inavimba, inakuwa nyeusi kuliko alivyozaliwa, na mtaani wanasema mkorogo umemkataa. Akirudi kupaka, siku ya tatu anatulia. Hapo ameshafungwa. Anayemwambia "acha tu, mbona rahisi" hajui anachokisema. Huyu ni mgonjwa anayehitaji kupunguziwa dawa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi, miezi kadhaa, huku akikingwa na jua na huku mtu akimtia moyo kwamba rangi yake itarudi. Mara nyingi hurudi.

Hoja ya nne: tumewakamata wasio na deni

Wazee waliokuwapo hapa mwaka 1968 watanisahihisha nikikosea. Oktoba ya mwaka ule Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha, tukijitafuta kama taifa, na krimu kama Ambi zilikuwa zikitangazwa sana Afrika Mashariki na Kusini. Nia ya kuutetea utu wa mtu mweusi naielewa na naiheshimu. Lakini tazameni mkono ulimwangukia nani. Kabla hata ya tarehe ile kufika, makundi ya vijana wa kiume yalijikusanya kwenye kituo cha mabasi cha Kariakoo, wakiwavamia wanawake waliovaa visivyowapendeza, mpaka polisi wakaitwa. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, za kuunga mkono na za kupinga. Mwenye ofisi aliyemtaka katibu muhtasi mweupe mwenye wigi hakusumbuliwa na yeyote.

Tangu hapo sheria zimeboreka. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliipa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kazi ya kuzuia vipodozi vyenye viambato vya sumu, na tangu Julai 2019 kazi ya vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Shehena hukamatwa, huteketezwa, tunaona moshi kwenye taarifa ya habari. Duniani, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha zebaki kwenye vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka 2025. Haya ni mema. Maofisa wanaofanya kazi hiyo wana haki ya kushukuriwa, na mimi ninawashukuru. Ila soko la Kariakoo linahudumia Kongo, Zambia, Malawi na Comoro. Bidhaa huingia na kutoka kwa njia nyingi kuliko idadi ya wakaguzi. Na mkorogo wenyewe haupitii bandarini. Unazaliwa kwenye ndoo, kutokana na tyubu za dawa halali ambazo zingepaswa kuuzwa kwa cheti cha daktari.

Nchi iliyokwenda mbali ni Afrika Kusini. Mwaka 1990 ilipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi, na kilichonivutia zaidi ni kwamba ilikataza pia matangazo yanayodai bidhaa inachubua au inaifanya ngozi iwe nyeupe. Waliigusa sifa, hawakuishia kwenye kopo. Biashara ya magendo iliendelea, sikatai. Lakini serikali ilikuwa imetamka kwamba kuuza ahadi ya weupe ni kosa. Linganisheni na India, ambako krimu iitwayo Fair & Lovely, iliyoingia sokoni mwaka 1975, ilibadilishwa jina mwaka 2020 baada ya malalamiko ya miaka mingi. Jina lilibadilika, na krimu inaendelea kuuzwa.

Sasa niwaulize mliomo humu. Tangazo la kazi linapotaka "binti mwenye mwonekano mzuri na mvuto", tena kwa kazi ya kupokea simu, anayeandika anamaanisha nini? Mabinti wanaoomba kazi hiyo wanajua. Kwenye baa za jiji hili mhudumu anaishi kwa bakshishi, na bakshishi ina macho. Kwenye video za muziki mchumba wa mwimbaji ni mweupe, na anayecheza nyuma, mbali na kamera, ndiye mweusi. Kwenye kicheni pati shangazi anamwambia mwali, mbele ya watu, "Umetakata mwanangu, umekuwa mtu." Umekuwa mtu! Jana alikuwa nani?

Nitasimama kidogo kwenye kicheni pati, kwa sababu hapo tulikuwa na utajiri wetu. Mwambao huu ulimwandaa mwali kwa singo, kwa liwa, kwa mawaridi na karafuu. Somo, mwanamke aliyemfunda mwali, alimsinga kwa mkono wake siku kadhaa, ngozi ikawa laini, ikanukia, na ikabaki rangi yake. Bado wapo akina mama Zanzibar, Tanga na hapa Ilala wanaoijua kazi hii, na wengi wanaiona biashara yao ikifa kwa sababu singo haibadilishi rangi ndani ya wiki tatu.

Yaliyo mbele yetu

Sijakata tamaa, na nina sababu. Mwaka 2007 Flaviana Matata aliwakilisha Tanzania katika Miss Universe kule Mexico City akiwa amenyoa kichwa na rangi yake kamili, akaingia kumi bora. Mwaka 2019 Lupita Nyong'o alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu msichana mweusi anayejifunza kuipenda rangi yake, na nimewahi kumwona mtoto wa darasa la pili akigeuza kurasa zake mbele na nyuma akiutafuta tena ule ukurasa wenye usiku. Macho ya watu hubadilika. Tena hubadilika upesi pale mwenye kutunza anapobadili anachokitunza.

Kwa hiyo naomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wa watu waliomo ukumbini. Waajiri, futeni maneno ya mwonekano kwenye matangazo yenu, na mkimhoji mwombaji mwulizeni anachojua. Wanasheria mliopo, andaeni pendekezo la kuzuia matangazo ya kung'arisha na kuchubua ngozi, pamoja na yale ya mitandaoni yanayouza dripu na vidonge. Mfano wa Afrika Kusini wa mwaka 1990 upo, msianze kwenye karatasi tupu. Wenye maduka ya dawa baridi, tyubu za klobetasoli zisitoke kwa katoni kwenda kwa mtu asiye na cheti. Kamati za kicheni pati, rudisheni singo na mmlipe somo ipasavyo. Hospitali zetu za wilaya zitenge siku ya kliniki kwa ajili ya wanaotaka kuacha, bila maswali ya aibu mlangoni, na nyumbani wasiambiwe tena kwamba wamejitakia. Mimi na wenzangu kadhaa tuliostaafu tumekubaliana kujitolea kufundisha wauguzi namna ya kumwongoza mtu anayepunguza steroidi. Tunachohitaji ni chumba na kibali.

Na nawaomba viongozi wa wafanyabiashara wa vipodozi wa Kariakoo tukutane, si kwa kukemeana. Yule binti mwenye ndoo anajua kuchanganya, anajua kunusa, anajua kuzungumza na mteja akarudi. Mafuta ya nazi, ya ufuta na ya mbegu za maboga yapo, liwa ipo, mafuta ya kukinga jua yanahitajika mno katika nchi hii na wauzaji wake ni wachache. Biashara ya ngozi ya mtu mweusi yenye afya bado haijapata mwenyewe pale sokoni.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha, na najua maswali ni mengi. Ningeomba kipaza sauti kianzie kwa akina dada wa saluni waliokaa kule nyuma. Wao ndio wanaoambiwa na wateja kwa nini wanataka rangi ile, na nani aliyewataka wawe nayo.